Ujiji au Kwihara: una siku moja tu ya makumbusho, uende wapi?

Kila likizo ikikaribia kuna swali linajirudia, hasa kwa watu wa Dar na Mwanza wanaokuja kusalimia ndugu huku magharibi: nina siku moja tu, nataka kuwatoa watoto wakaone kitu cha maana, niwapeleke wapi? Jumba kubwa la sanaa lenye kumbi na taa za kumulika picha huku hatuna, tusidanganyane. Ila tunazo nyumba mbili za historia zenye picha, sanamu na nakshi, moja iko Ujiji pale Kigoma, nyingine iko Kwihara nje kidogo ya Tabora mjini, na kwa sababu zote mbili zinatajwa kwa jina la yule yule Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti wa karne ya 19, basi mtu ambaye hajafika anadhani ni kitu kimoja, ukiona moja umemaliza. Sio kweli kabisa. Mi kote nimefika na naona tofauti yake iko hivi, Ujiji unaenda kusikiliza, Kwihara unaenda kutazama. Kama hukulala vizuri na huna hamu ya kusimama unaelezewa, au una watoto ambao hawawezi kukaa kimya mbele ya mlango wa mbao dakika kumi, hiyo tofauti ndo itakuamulia siku yako iwe nzuri au iwe ya kununiana.

Tuanze na Ujiji maana ndiko wengi wanakwenda.

Kufika ni rahisi mno. Kutoka Kigoma mjini ni kama kilomita 8, unapanda daladala inayopita Mwanga, unamwambia konda unashuka kwa Livingstone, basi, hata mtoto wa darasa la tatu wa pale anapajua. Bajaji nayo ipo kama mko watu watatu wanne na hamtaki kubanana. Ujiji yenyewe ni mji wa zamani, wa Waswahili haswa, kanzu na baraghashia, vibaraza mbele ya nyumba, wazee wamekaa wanaongea, kwa hiyo ukishuka salimia watu vizuri, ukipita kimya kimya na simu mkononi unapiga picha nyumba za watu utaonekana huna adabu.

Pale ndani ya uzio kuna vitu vitatu vya kuangalia. Kwanza mnara, jiwe la kijivu lenye ramani ya Afrika na alama ya msalaba juu yake. Pili miembe, ambayo watu wengi wanaambiana ndo ule mti wenyewe walipokutania Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, mwaka 1871, hapana, ule wa asili ulishakufa zamani na hii iliyopo inasemekana ni vizazi vyake, vikonyo vilivyotolewa kwenye ule wa kwanza. Tatu ni makumbusho yenyewe, na hapa ndo penye sanaa.

Makumbusho ya Ujiji sio makubwa. Kuna maelezo ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu, kuna picha zilizochorwa na wasanii wa kwetu zikionyesha maisha ya yule mzee alipokuwa Ujiji, halafu kuna wale jamaa wawili. Wale jamaa wawili ndo kila mtu anarudi anawasimulia, sanamu za Livingstone na Stanley zilizotengenezwa kwa karatasi na gundi kisha zikapakwa rangi, kubwa kuliko binadamu wa kawaida, wamesimama wanatazamana wananyanyuliana kofia. Kwakweli ukiziangalia kwa jicho la mtu wa sanaa utakuta kasoro, miili imekakamaa, nyuso hazina raha wala huzuni, utasema ni watu wawili wanasubiri kuitwa kwenye usaili. Lakini watoto wanazipenda balaa, na mi naona zina thamani yake kwa sababu kwa kawaida ni wao waliotuchora sisi, hapa kwa mara moja fundi wa kwetu kawafinyanga wao. Na kofia kaipatia, maana Stanley mwenyewe aliandika kwamba alivua kofia, na mwenzake akainua yake kidogo.

Hapo ndo unakuja uzito wa mwelekezaji. Bila mwelekezaji Ujiji unaimaliza dakika ishirini na unatoka unasema ah kumbe ndo hivi. Ukimpata anayejua kazi mnaweza kukaa saa nzima na nusu. Mpe shikamoo yake kwanza, usianze na "oya bro tuonyeshe", halafu muulize maswali yenye nyama. Muulize tarehe. Stanley aliandika walikutana Novemba 10, 1871, ila hesabu ya siku ya Livingstone kwenye daftari lake inaangukia mwishoni mwa Oktoba, na wote wawili walikuwa wamepitia homa za kutosha kupoteza hesabu ya siku. Halafu ule msemo maarufu wa "Dk. Livingstone, bila shaka?" kurasa za shajara ya Stanley za siku hiyo zilichanwa, kwa hiyo hadi leo wanahistoria wanabishana kama alisema kweli au alitunga baadaye akiwa anaandikia gazeti lake la New York Herald. Muulize pia kuhusu Susi. Mtu wa kwanza kumpokea Stanley nje ya mji siku ile hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wake, alimsalimia kwa Kiingereza safi hadi Stanley akashtuka, ndo akakimbia kwenda kumwambia bwana wake. Mi kila nikiingia chumba kile huwa namtafuta Susi kwenye picha kabla ya hao wengine.

Kitu kingine cha kuuliza, na hiki watoto wanakielewa haraka, ni kwanini wanasema mkutano ulikuwa karibu na maji wakati leo ukisimama pale ziwa liko mbali kidogo. Jibu lake tamu. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na kipindi kile mlango ulikuwa umeziba kwa matope na majani, maji yanapanda tu mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakavunja kizibo, ziwa likashuka mita nyingi na ufukwe ukasogea. Watu wa Kigoma wa sasa wanajua upande wa pili wa hadithi hiyo, miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena hadi likameza nyumba na vibanda vya watu pembeni ya maji, kwa hiyo mwelekezaji akianza kulielezea hilo utaona hata wale waliokuwa wamechoka wanasogea.

Kuna pia kumbukumbu ya Burton na Speke, Wazungu waliofika ziwani Februari 1858, miaka 13 kabla ya hiyo habari ya kofia. Ipite tu.

Sasa kinachoifanya Ujiji iwe siku nzima sio makumbusho, ni kinachofuata. Ukitoka pale unateremka kwa miguu hadi ufukweni kwa mafundi wa boti, na mi naapa hii ndo sanaa bora kuliko zote utakazoziona siku hiyo na hulipi kiingilio. Boti za mbao zinaundwa pale pale mchangani, bila mchoro wa karatasi, fundi anapima kwa jicho na kamba. Kaa umuangalie anayekalafati, anachukua pamba iliyosokotwa anaishindilia kwenye mwanya wa ubao na ubao kwa patasi butu, gonga gonga gonga, anasogea, anarudi kukagua kwa kidole gumba, akikuta panazama anaongeza. Mtoto wa dada yangu, miaka tisa, alimuuliza fundi, "Babu, na usipoweka pamba?" Akajibiwa, "Mjukuu wangu, utaogelea." Hapo hapo jirani kuna migebuka ya kukaanga, unaagiza na ugali wa muhogo, na kama tumbo lako linaelewana na mawese omba ya kupikiwa kwa mawese. Ikiwa jua bado lipo mnarudi mjini kuangalia stesheni ya treni, jengo la Mjerumani, reli ilifika pale 1914 ndo maana tunaitwa mwisho wa reli.

Haya, Kwihara.

Kutoka Tabora mjini ni kilomita sita saba hivi upande wa kusini magharibi, na huku hamna daladala ya kukushusha mlangoni, unakodi boda au bajaji na mnakubaliana kabisa kwamba atakusubiri, usimwachie aondoke ukidhani utapata mwingine, utarudi kwa miguu unakula vumbi. Masika njia inakuwa tope. Kiangazi ni vumbi jekundu, vaa kiatu usichokipenda. Njiani ni miembe na miembe, Tabora na maembe ni habari ndefu, njia za misafara ya zamani zinasemekana zilipandwa miembe na wapita njia, na ukija msimu wake unaokota chini.

Ukifika unaona nyumba moja ndefu, nyekundu iliyokolea, paa bapa, imekaa kimya. Ni tembe. Ilijengwa miaka ya 1850 enzi za wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wameweka makao Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na hapa ndo wale wawili walikuja kukaa baada ya Ujiji. Walitoka Ujiji mwisho wa Desemba 1871 wakafika Kwihara Februari 18, 1872. Stanley akaondoka Machi 14 kurudi pwani. Livingstone akabaki kumsubiri ampelekee wapagazi, akasubiri mpaka Agosti, miezi mitano peke yake ndani ya hii nyumba, alipopata watu akaondoka Agosti 25 kuelekea kusini na hakurudi akiwa hai. Kwa hiyo ukipima kwa hesabu ya siku, Kwihara ina Livingstone mwingi kuliko ule mkutano wa Ujiji wa dakika chache, ila kwa sababu haina msemo maarufu basi watu hawaendi. Unaweza kufika ukakuta ni nyinyi tu.

Kwa upande wa vitu vilivyowekwa ndani, Kwihara ni kidogo, kuna ramani, nakala za barua, picha, maelezo ya safari. Mtu aliyezoea Ujiji atauliza sanamu ziko wapi. Hamna. Kitu cha kuangalia ni nyumba yenyewe. Ingia uone kuta zilivyo nene, simama ndani saa saba mchana wakati nje jua la Tabora linachoma utosi, utajisikia ubaridi kama wa mtungini, hiyo ni hesabu ya fundi, udongo mnene ukutani na udongo tena juu ya boriti na fito kwenye paa, joto linachelewa kuingia. Vyumba vimezunguka ua, na ua ndo ulikuwa maisha yote, kupika, kufungasha mizigo, kufungia mbuzi. Ni kweli nyumba ya udongo haikai miaka mia moja na sitini bila kukarabatiwa, kwa hiyo usitegemee kila tofali liwe la enzi hizo, ila umbo ni lenyewe.

Halafu mlango. Hapa ndo mi nakaa muda wote. Ni mlango wa nakshi wa Kiunguja, na ukifikiria Kwihara iko mbali kiasi gani na bahari unaanza kujiuliza mtu alikuwa na akili gani kutamani mlango wa aina hiyo nyikani. Usiuangalie ukiwa mita tano, sogea. Angalia miimo pembeni, halafu angalia mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika kiungo cha mbao mbili, mafundi wa pwani walikuwa wanamalizia ufundi wao wote pale. Vumbi limejaa kwenye mifereji ya nakshi na linasaidia, maana linakuonyesha kina cha patasi, sehemu ambazo fundi alizama na sehemu alizopapasa tu. Ukitazama kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, nakshi inasimama. Mchana wa saa sita inalala, huoni kitu. Kwa hiyo kama unaenda Kwihara kwa ajili ya sanaa nenda mapema, ukifika saa sita utaniita muongo.

Hadithi ya Kwihara nayo ina mambo mawili ambayo Ujiji haina. Moja ni vita ya Mirambo. Stanley kabla ya kufika Ujiji alikwama Unyanyembe tangu Juni 1871, njia imefungwa na Mirambo wa Urambo, Waarabu wakaenda kupigana naye Stanley akajiunga nao, wakachapwa, ikabidi azunguke kusini. Kwa Mnyamwezi hii sio hadithi ya Mzungu aliyepotea, ni hadithi ya mtemi aliyefunga barabara na kila mtu akaheshimu. Mzee yeyote wa pale ukimuamkia mwangaluka na ukamtaja Mirambo, weka mkeka.

Ya pili ni ya wale waliobeba maiti. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya sasa, Susi na mtumishi mwenzake aliyeitwa Chuma na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba kurudi pwani, na Oktoba mwaka huo huo wakafika hapa Unyanyembe wakamkuta afisa wa Kiingereza, Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta huyo huyo aliyekuwa mabegani mwao. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Aprili 18 mzee akazikwa Westminster Abbey kule London. Nikisimama pale uani huwa nafikiria zaidi huo ubishi kuliko kofia za Ujiji, wapagazi wamechoka, wamevimba miguu, mkubwa mwenye cheo anawaambia tua mzigo, wanasema hatutui.

Mjini Tabora kuna vya kujazia siku ila havikai pamoja kama Kigoma. Stesheni ya reli ni ya Mjerumani, reli ilifika 1912. Boma la Mjerumani liangalie kwa nje na simu ibaki mfukoni. Tabora Boys alikosoma Nyerere unaweza kupita barabarani ukaonyesha watoto, na kama unapenda siasa wakumbushe kwamba ni Tabora hii Januari 1958 TANU walikaa mkutano wao wakaamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kuna habari moja watoto wa kiume wanaipenda, wakati wa vita ya kwanza Wajerumani walipoishiwa hela walipiga sarafu zao wenyewe huku Tabora, 1916, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima, leo watu wanaozikusanya wananunuliana kwa bei mbaya. Jioni nunua asali, ila onja kwanza, na isiwe ya pembeni ya barabara kwenye chupa ya maji iliyokaa juani.

Sasa kuchagua. Ukiwa na watoto wadogo, au mgeni wa nje ambaye amesikia jina la Ujiji shuleni kwao, au mama mkwe ambaye magoti hayataki boda, nenda Ujiji bila kujiuliza. Usafiri upo, chakula kipo, ziwa lipo, na hata makumbusho yasipowagusa siku haiharibiki. Ukiwa mtu wa mikono, fundi seremala, mwanafunzi wa usanifu, mchoraji, au mtu aliyechoka kelele na anataka kukaa na kitu kimoja akiangalie vizuri, Kwihara. Wachumba pia Kwihara, kuna utulivu. Kundi la shule la watu arobaini lisiende Kwihara bila maandalizi, vyumba ni vidogo, kumi wakiwa ndani thelathini wako nje wanarusha mawe kwenye maembe, nimeshuhudia. Kwa kundi kama hilo Ujiji ina eneo la nje la kutosha.

Hela sio kigezo kikubwa, viingilio vya Mtanzania ni tofauti na vya mgeni wa nje na sio vya kukutoa jasho, beba taslimu na chenji. Ila kwenye jumla, Kwihara itakuzidi usafiri kwa sababu unamlipa boda wa kwenda, kusubiri na kurudi, na Ujiji itakuzidi tumbo kwa sababu huwezi kuondoka pale ufukweni bila kula, na ukishakula utanunua na dagaa wa kupeleka nyumbani.

Mkitaka kunibana niseme yangu mi mwenyewe, ni Kwihara kwa makumbusho na Ujiji kwa siku nzima. Naona wanaosema Kwihara hamna kitu walienda kutafuta vitu kwenye makabati wakati kitu wamekikanyaga na wamekipita mlangoni. Lakini sitamlaumu mtu aliyechagua Ujiji, maana mchana wa migebuka na mafundi wa boti nao ni ubishi mgumu.

Na mwenye siku tatu nne asichague, afanye zote, ziko kwenye njia moja ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo ambayo Tanzania iliiweka kwenye orodha ya kupendekezwa urithi wa dunia mwaka 2006, na Ujiji na Kwihara zote zimo. Anza Ujiji kisha rudi nyuma Tabora, sio kinyume, kwa sababu ukianza Kwihara utakuwa unasikia mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake. Kati ya miji hii miwili ni kama kilomita 400, basi linaanza alfajiri na kupita Uvinza, Kaliua na Urambo kwa Mirambo mwenyewe, treni ni ya taratibu zaidi na ina siku zake, kwa hiyo pita stesheni uulize ratiba ya wiki hiyo kabla hujalipia gesti upande wa pili.